Mchezo wa Nyota wa NBA ufutwe, au upewe cha kushindaniwa?

Ndugu zangu, naleta hoja hii kwa sababu mwaka 2024 niliamka saa kumi usiku, kwa saa za Afrika Mashariki, ili nitazame Mchezo wa Nyota, pambano la kila mwaka la wachezaji bora wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, kutoka Indianapolis, na nilichokiona ni watu wazima wakipishana. Mfungaji alikatiza katikati ya walinzi waliosimama mikono ikining'inia, kama wenyeji wanaompisha mgeni mlangoni. Timu ya nyota wa upande wa Mashariki wa ligi ilifunga 211, ya Magharibi 186. Karl-Anthony Towns peke yake alipata pointi 50 na bado timu yake ikafungwa. Mwaka uliotangulia, huko Salt Lake City, Jayson Tatum aliweka rekodi ya pointi 55, na Michael Malone, aliyekuwa kocha wa mojawapo ya timu mbili za mchezo huo, akasema waziwazi kwamba haujapata kuchezwa mpira wa kikapu mbaya kuliko ule.

Wapo wanaotaka ufutwe. Wapo pia wanaoutetea ulivyo, wakisema kwamba mchezaji mwenye mechi 82 za msimu hana sababu ya kuhatarisha goti lake kwa mchezo usiobadilisha lolote kwenye msimamo wa ligi. Siidharau hoja hiyo, maana mwaka 2012, Orlando, Kobe Bryant alivunjika pua katika mchezo huuhuu alipochezewa faulo na Dwyane Wade.

Hata hivyo, mwaka 2020 huko Chicago, wiki tatu baada ya Bryant kufariki, robo ya nne ilichezwa bila saa: timu ya kwanza kufikisha 157 ndiyo ingeshinda, yaani pointi 133 za timu iliyokuwa ikiongoza pamoja na 24, namba ya jezi ya marehemu. Siku hiyo walikaba kweli: Kyle Lowry alikuwa akijitega mbele ya washambuliaji wamgonge ili apate faulo, na mtupo huru wa Anthony Davis ukaumaliza mchezo kwa 157 dhidi ya 155. Mtu atanijibu kwamba pointi lengwa zilitumika pia mwaka 2023, mwaka uleule wa aibu, naye atakuwa amesema kweli. Ndiyo maana naamini kilichowasukuma wachezaji kule Chicago hakikuwa kanuni bali msiba.

Sasa, msiba haupangwi kwenye ratiba. Kilicho karibu nao kwa uzito ni bendera, na kwa hiyo naunga mkono mfumo uliotangazwa kwa ajili ya 2026, wa timu mbili za Wamarekani dhidi ya moja ya mataifa mengine. Tangu 2019 hadi 2025 tuzo ya mchezaji bora wa msimu haikwenda kwa mzaliwa yeyote wa Marekani. Hilo peke yake linatosha kuwakera wenyeji wakakaba. Kinachonitatiza ni Joel Embiid, mzaliwa wa Yaoundé aliyeichezea Marekani katika Olimpiki ya Paris: mngempanga upande gani?