Polisi wanaweza kutukataza mkutano wa mtaa uwanjani?

Jamani, nisaidieni. Mtaani kwetu, hapa kisiwani Mombasa, huu ni mwezi wa pili mfululizo maji yanatoka usiku wa manane tu, na bili haikosi. Tukapanga mkutano Jumamosi saa tisa alasiri, uwanja ulio karibu na soko. Nikaandika "Tunaomba ruhusa ya kufanya mkutano", nikaipeleka kituoni Alhamisi. Afisa wa zamu aliifuata kwa kidole mstari kwa mstari, kisha akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu: "Haijakubaliwa." Sababu? "Usalama." Basi. Viti 60 nilishakodi, na mwenyewe harudishi amana. Wana haki hiyo?

Karani mstaafu: Mwanangu, umejiponza kwa hilo neno "tunaomba". Tangu 1997 Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, haitaki leseni, yataka taarifa. Soma kifungu cha 5: unamwarifu OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla, ukitaja jina kamili, anwani, mahali, tarehe na saa, na iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni. Yeye anaweza kukwambia kuna mwenzio aliyetangulia kuutaka uwanja huo saa hizo hizo. Lakini Alhamisi kwa Jumamosi ni siku ngapi? Umewapa kisingizio cha bure.

Wa Nairobi: Mzee, karatasi ni karatasi. Julai 2024 polisi walipiga marufuku maandamano katikati ya jiji, Mahakama Kuu ikasimamisha amri hiyo. Agosti 8 vijana wakala vitoa machozi palepale. Ibara ya 37 ya Katiba, ile ya haki ya kukusanyika na kuandamana, tunaijua kwa moyo, kaka.

Mama wa kamati: Na ndiyo maana mtu hashiki karatasi moja! Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri. Usitoke kaunta kabla hujaangalia tarehe. Viti vya nini? Watu wasimame, mkutano wa maji si harusi.

Aliyeuliza: Nimerudi leo na barua mpya, "Natoa taarifa". Nimeweka siku 6, viti sikodi. Afisa ni yuleyule. Kauliza, "Na ruhusa iko wapi?" Nikamwonyesha kifungu kwenye simu. Akakigonga kile kimuhuri, kutazama: tarehe ya Ijumaa iliyopita! Nikamwambia, afande, zungusha. Akacheka, akazungusha.