Mrejesho: bumu limeingia

Wakuu, shikamooni. Niliuliza kwa nini wenzangu wamesaini bumu (hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo) na hela wanakula, mimi nimesaini kwa kidole kama wao lakini akaunti kavu. Pia niliuliza elfu 10 kwa siku naigawaje.

Aliyesema nianzie kwa afisa mikopo wa chuo kabla ya kupigia Bodi ya Mikopo simu, Mungu akubariki. Kafungua mfumo, malipo yamegonga mwamba benki: jina langu la kati wao waliliandika kwa L, kwenye vyeti ni R. Herufi moja! Nimepeleka kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa, wakarekebisha, malipo yakatumwa upya.

Sasa matumizi. Siku 60 ni laki 6, na ukiiona yote kwa mkupuo unajiona tajiri. Nimelipa geto kwanza, tunachangia wawili. Za chakula nimezihamishia kwenye simu, najitolea za wiki tu. Mchana nakula kwa mama ntilie, usiku tunapika. Gunia la mkaa tumenunua kwa pamoja. Ada inaenda chuoni moja kwa moja, hainipitii.

Ushauri wa kununua simu mpya "ili nisome vizuri" nimeupita kimyakimya. Huu ni mkopo jamani, nikiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara.

Kilichobaki ni madeni ya kipindi kile cha ukame. Muuza chipsi nimeshamalizana naye. Binamu bado, na kila nikipokea simu yake anaanza na salamu ndefu.