PS5 ya CD au isiyo na CD, kwa mtu wa bando?

Kinyozi wa Kona: Wakuu, habari za leo. Nina saluni Ifakara, pembeni nimeweka PS4, ile mashine ya gemu ya PlayStation, mechi moja ya mpira 500. Imechoka, nataka PS5. Muuzaji ananisukumia isiyo na sehemu ya CD, eti nafuu. Sina waifai, nategemea bando la simu, na mtandao wa huku ukiamua kusinzia unasinzia siku nzima. Bila intaneti itacheza kweli, au nitanunua pambo?

Mzee wa Padi: Itacheza mkuu. Masharti yako kwenye gemu zaidi kuliko mashine. Kick Off, mechi ya kawaida ndani ya gemu ya mpira ya EA FC, watu wawili na padi zao, inakwenda bila mtandao. Ultimate Team, ile ya kuunda kikosi mtandaoni, sahau. Ila isiyo na CD kila gemu ni ya kushusha, na moja tu inaweza kula GB 50 na kuzidi. Piga hesabu ya bando kwanza, ndiyo uniambie habari ya nafuu.

Kijana wa Kihonda: Mnaogopa bure. Mtandao ndio unaleta vikosi vipya, na unapambana na mtu wa Mombasa ukiwa kitandani. CD zinachubuka.

Mzee wa Padi: Kitandani kwako kuna waifai ya baba 😂. Machi 2022 gemu ya magari ya Gran Turismo 7 ilizimika zaidi ya saa 30 baada ya sasisho kuharibu mambo. Mtu ana CD yake, anataka kuendesha peke yake, lakini sehemu kubwa ya gemu inadai seva, yaani kompyuta za kampuni mtandaoni. Na The Crew, gemu nyingine ya magari? Wenye gemu, Ubisoft, walizima seva 31 Machi 2024, hata mwenye CD akabaki na kava.

Dada Gemu: 2013 Microsoft walitaka mashine yao ya gemu, Xbox One, iingie mtandaoni angalau mara moja kila saa 24. Wateja wakachachamaa, Juni mwaka huohuo wakaghairi. Kaka kinyozi, chukua ya CD. Kama ni ile nyembamba yenye kisomeo cha kuchomoa, kisomeo hicho kinahitaji intaneti mara moja kusajiliwa. Kisajilini hapohapo dukani, kabla hujatoa hela.

Kinyozi wa Kona: Hilo la kusajili muuzaji hakulitaja kabisa! Kesho naenda na simu yangu. Tukimaliza nazima data, tunacheza mechi nzima mbele yake. Padi zangu za PS4 zitafaa?

Mzee wa Padi: Kwa magemu ya PS4 tu. Ongeza bajeti ya padi ya pili.