Naomba ushauri: nasafisha raba, wateja wanataka kulipa bei ya kiwi

Fundi Raba
Wakuu, habari za jioni. Niko Mwanza, nasafisha raba. Natoa kamba na soli ya ndani, nasugua kwa brashi laini, narudisha weupe wa soli, naanika kivulini, mteja anachukua kesho yake. Nikitaja elfu tano naambiwa, "Mbona yule wa stendi mia tano?" Nifanyeje wasinilinganishe na mpiga kiwi?

Mzee wa Kona
Mkuu, umewahi kufuatilia mieleka? Vince McMahon, aliyekuwa bosi wa WWE, alinunua kampuni ya mieleka ya baba yake 1982, enzi ambazo kila eneo la Marekani lilikuwa na promota wake na wote wanauza mieleka ileile. Yeye akasema anauza burudani ya kimichezo. Angalia WrestleMania ya kwanza, onyesho lake kubwa, Machi 1985 ukumbi wa Madison Square Garden, New York: Muhammad Ali mwamuzi mgeni, mwigizaji Mr. T anapigana upande mmoja na mwanamieleka Hulk Hogan, mwanamuziki Cyndi Lauper naye yumo. Promota wa mkoani unamlinganishaje na hapo?

Tena 1989 kampuni ikaiambia Seneti ya New Jersey wazi kabisa kwamba ile ni burudani, si shindano la kweli, ili kamisheni ya michezo iwaondolee usimamizi na kodi. Sisi huku tunashikana mashati kumtetea Undertaker!

Kwa hiyo usiseme unasafisha kuliko wa stendi. Ukisema "kuliko" tu, umeshaingia kwenye bei yake. Jiite dobi wa raba.

Dada Pamba
Mzee, hapo umeruka. Jina peke yake halikumbeba McMahon. Alirusha vipindi vyake kwenye maeneo ya wenzake na kuwachukulia nyota wao. Huyo Hogan alimchukua kutoka AWA, kampuni pinzani ya mieleka ya Minneapolis. Fundi, ukijiita dobi huku kigoda chako kiko ubavuni mwa mpiga kiwi, utalipwa mia tano yako. Hama.

Fundi Raba
Dada, mtaji wa fremu sina.

Dada Pamba
Fremu ya nini? Kaa na muuza raba za mtumba. Mtu aliyetoka kulipa elfu arobaini, elfu tano yako haimshtui. Andika risiti, piga picha kabla na baada, rudisha kwenye mfuko.

Mzee wa Kona
Hapo sina ubishi. Picha kwanza, bei baadaye.

Fundi Raba
Nina jamaa anauza raba za mtumba pale Makoroboi, hapa Mwanza. Nimpe ngapi kwa kila pea?

Dada Pamba
Usianze na hela. Msafishie zile anazoning'iniza mbele, halafu mwache yeye ndiye aulize.