Fundi kaniharibia sauti ya PS2, mashine yangu ya gemu, halafu ananiambia masikio yangu ndiyo mabovu!

Wakuu, natoka kwake sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Mnamjua, yule wa pale kona mwenye meza iliyojaa redio zilizokufa tangu enzi za Mwalimu. Simtaji.

Tundu la AV la nyuma (la kutolea picha na sauti) lililegea, picha ikawa inakatakata. Akasema dawa ni kuachana na tundu, achomelee nyaya moja kwa moja kwenye bodi hadi kwenye TV. Elfu 25 nikatoa. Nafika nyumbani, nawasha: picha safi, sauti ZZZZZZ! Nyuki wote wa Tabora wamehamia kwenye sabufa yangu. Namrudishia, ananikazia macho mbele ya wateja: "Dogo, masikio yako ndiyo mabovu, kapimwe."

Masikio yangu! Jirani wa nyumba ya tatu kaja kuuliza nakoboa mahindi gani usiku, naye mabovu?

Nimeifungua mwenyewe. Njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti, kazisokota pamoja, vijiwaya vya spika visivyo na koti, vyote vinagawana ardhi moja (njia ya kurudishia umeme), na pale alipochomelea ukigusa panacheza. Menyu ikiwa nyeusi mlio ni mdogo, ukitokea ukurasa mweupe unapanda. Picha inavuja kwenye sauti, hata kwa macho unaona! Eti masikio. Mbele ya wateja. Mbele ya dada wa chipsi!

Mzee wa Pedi: Hela ulitoa kabla ya kusikiliza? Basi masikio kweli mabovu 😂

Mwenye uzi: Wewe ndiye yeye nini?

Mita Mkononi: Zima, chomoa umeme. Weka mita ya umeme kwenye kipimo cha mlio, ncha moja kwenye pete ya nje ya pini ya sauti, nyingine kwenye ardhi ya bodi. Isipolia, ardhi imekatika. Kisha tenga video na sauti, tumia waya wenye koti la nyavu, koti lifungwe kwenye ardhi.

Sega Damu: Afadhali wewe. Mega Drive yangu, mashine ya gemu ya Sega, toleo la kwanza, fundi kabadilisha kapasita zote akitafuta stereo (sauti ya kushoto na kulia mbalimbali) kwenye tundu la AV la nyuma. Tundu lile linatoa mono tu! Stereo iko kwenye hedifoni, mbele. Hela yangu hajarudisha.

Binti Tandika: Mafundi wote baba mmoja. Wangu wa cherehani kanishonea gauni la harusi ya dada, mkono mmoja mfupi, anasema ndiyo fasheni.

Mzee wa Pedi: Weka picha ya gauni tuamue.

Mwenye uzi: Jamani, masikio yangu!

Sega Damu: Subiri kwanza, mkono upi mfupi?

Binti Tandika: Wa kushoto. Na kitambaa kilichobaki kamshonea mwanawe!