Chipsi zinalegea, andazi linatema mafuta, mkate unanuka nanasi: kosa liko wapi?

mlaji_wa_kona

Wakuu, habari za humu. Naomba wenye ujuzi wa karai na oveni mnifungue macho. Kuna makosa matatu yanajirudia kwenye migahawa ya kawaida na bekari za mitaani hapa Dar, na mteja huyagundua akiwa ameshalipa:

1. Chipsi zina rangi ya kahawia iliyokolea lakini zimelegea. Zikikaa dakika tano kwenye foili zinakuwa kama viazi vya kuchemsha vilivyopakwa mafuta.
2. Andazi ukilibonyeza linaacha mafuta vidoleni, na pengine katikati bado ni bichi.
3. Mkate wa slesi siku ya pili unapukutika, siku ya tatu unatoa harufu tamu kama nanasi lililoiva kupita kiasi, na ukungu huuoni popote.

Sitafuti jina la mgahawa wa kususia. Nataka kujua kila kosa linatokea hatua ipi, na mtu aliyesimama kaunta aangalie nini kabla hajatoa hela.

karai_la_mkaa

Mkuu, nianze na chipsi maana ndizo zinazoonewa kuliko vyote.

Chipsi nzuri hukaangwa mara mbili. Mara ya kwanza mafuta yawe nyuzi 150 hadi 160 za Selsiasi, dakika tano au sita, ziive ndani bila kuchukua rangi. Zitolewe, zipoe. Mteja akifika ndipo zinarudi kwenye mafuta ya nyuzi 180 hadi 190 kwa dakika mbili au tatu, ngozi ikauke na kukakamaa. Kwa hiyo ukiona beseni la chipsi nyeupe-nyeupe zilizokaangwa mapema, usinune, huo ndio utaratibu.

Zinakoharibikia ni kwenye mkaango wa pili. Saa saba mchana foleni ndefu, mkaa umefifia, na karai lenye mafuta lita tatu linamwagiwa nusu ndoo ya viazi kwa mkupuo. Joto linaporomoka. Maji yaliyomo ndani ya kiazi yanashindwa kugeuka mvuke kwa kasi, basi kiazi kinachemka ndani ya mafuta badala ya kukaangika. Kipimo cha kufuata ni kilo moja ya viazi kwa lita sita za mafuta. Karai la lita tatu lisizidi nusu kilo kwa mara moja, hata foleni ifike barabarani.

Jambo ambalo hata wakaangaji wengi hawalijui: chipsi hazinywi mafuta mengi zikiwa ndani ya karai. Mvuke unaotoka unayasukuma mafuta nje. Zinayanywa zikitolewa, kwa sababu mvuke uliobaki ndani unapoa, unakuwa maji, na nafasi yake inavuta mafuta yaliyoganda juu ya ngozi. Hapo una sekunde chache tu. Mkaangaji anayezitoa na kuzikung'uta kwa nguvu pale pale juu ya karai anakupa chipsi kavu. Anayezitupa moja kwa moja kwenye sahani ya bati, zikalala juu ya mafuta yao wenyewe, anakupa sponji.

Kaunta tumia masikio kwanza. Chipsi zikiingia kwenye mafuta yenye joto la kutosha mlio ni mkali, mapovu ni makubwa na yanapasuka haraka. Mlio ukiwa wa kunong'ona, agiza kitu kingine. Kisha tazama mafuta yenyewe. Weusi peke yake si ushahidi. Dalili za mafuta yaliyochoka ni povu dogo dogo linalotanda juu na kugoma kutoka, moshi unaoanza kabla hata viazi havijaingia, mafuta kuning'inia kwenye mwiko kama asali, na harufu ya rangi ya kupaka milango. Kuongezea mafuta mapya juu ya hayo hakuyaponyi, kunaharibu mapya. Na chumvi itiwe kwenye sahani, siyo juu ya karai, kwa sababu inayachakaza mafuta mapema.

Nyongeza kwa wanaojisifu kwamba wanatumia alizeti tupu: ni mafuta mazuri kwa mboga, ila kwenye karai la kutwa nzima yanachoka kabla ya mafuta ya mawese yaliyosafishwa. Anayekaangia alizeti anatakiwa ayabadilishe mara nyingi zaidi, na hapo ndipo bajeti inapogoma.

Zege, yaani chipsi mayai, nalo lina ugonjwa wake. Chipsi zilizopoa zikimwagiwa mayai mawili bila kupashwa, mayai yanashika chini na juu, katikati yanabaki uteute. Mwambie azitangulize zenyewe kwenye kikaango dakika moja hadi zilie, ndipo apasue mayai.

waru_za_kibanda

Niongezee kutoka Nairobi. Boss, ukiona chipo imekuwa brown mapema na bado ni laini, usilaumu mafuta pekee. Angalia waru, yaani viazi vyenyewe.

Kiazi kikiwekwa mahali pa baridi sana, kama kwenye friji, wanga wake unageuka sukari. Sukari hiyo inaungua haraka kwenye mafuta: nje tayari kahawia, ndani bado. Mpishi akiona rangi anadhani imeiva, anatoa. Ladha yake ni utamu uliochanganyika na uchungu kidogo. Viazi vikae mahali penye kivuli, hewa na giza, nje ya friji.

Hapa kwetu vibanda vingi vinatumia aina ya kiazi inayoitwa Shangi. Inaiva haraka na sokoni inapatikana, lakini inachipua mapema. Kiazi kilichochipua kimeshaanza kula wanga wake, kwa hivyo kimelegea na kina sukari. Chenye ngozi ya kijani nacho ni cha kutupa, kwa sababu sumu yake haitoki kwa kukaangwa.

Kukata: unene wa sentimita moja, vyote vilingane. Osha mpaka maji yawe safi, wanga wa juu utoke, la sivyo vinashikana. Halafu vikaushwe kwa kitambaa. Hatua hii ndiyo inayorukwa. Viazi vinatoka kwenye ndoo ya maji vinachuruzika na kuingia karai hivyo hivyo, na kila tone linakula joto. Ndoo yenyewe ichunguzeni: maji meupe mazito yenye povu pembeni na harufu ya uchachu maana yake vimelala humo tangu jana.

bi_hamira

Mwanangu mlaji, andazi nikujibu mimi.

Tuanze na kipimo ili ujue linapoharibikia. Unga wa ngano kilo moja, sukari gramu 150, hamira ya chenga vijiko vitatu vya chai, mafuta vijiko viwili vya chakula, iliki, na tui la vuguvugu karibu nusu lita. Unakanda mpaka unga uache mkono, unauacha uumuke kama saa moja, unasukuma kwa unene wa sentimita moja, unakata, unayaacha yapumzike tena dakika 20 hadi 30. Mafuta nyuzi 170 hadi 180. Huna kipimajoto? Tupia kipande kidogo cha mkate. Kikiwa rangi ya dhahabu baada ya karibu dakika moja, mafuta yako tayari.

Sasa andazi linalotema mafuta lina sababu nne, na mara nyingi zinakuja mbili mbili. Mafuta hayajapata moto. Au unga umeumuka kupita kiasi: ukibonyeza kwa kidole, kishimo kinabaki hapo hapo, na ukilitia andazi kwenye mafuta linanywea na kufyonza. Unga uliofikia, kishimo kinarudi polepole, nusu yake. Sababu ya tatu ni maji mengi kwenye unga. Ya nne ni magadi au beking poda kuzidishwa ili kuokoa muda wa kuumua. Hilo la mwisho utalijua kwa ulimi, maana lina ladha ya sabuni, na ndani lina umanjano.

Lililo bichi katikati ni sukari. Ukitia gramu 300 kwa kilo, andazi linakuwa jekundu ndani ya dakika moja, mpishi anaogopa kuungua, analitoa.

Kaunta angalia kiunoni. Andazi lililoumuka vizuri linaelea, kwa hiyo pembeni pote linabaki na mkanda mwembamba mweupe kati ya pande mbili zilizopata rangi. Lisilo na mkanda lilizama: ni zito, na usiku utalikumbuka. Tazama pia karatasi iliyotandikwa chini ya sinia. Madoa machache ni kawaida. Ikiwa imelowa hadi unauona ubao wa meza chini yake, pita. Na kama karatasi yenyewe ni gazeti, pita haraka zaidi, wino wake unatoka kwenye mafuta ya moto.

fundi_oveni

Namba tatu ni nzito kuliko hizo mbili, na mkate huo usiliwe.

Harufu ya nanasi au tikiti lililooza bila ukungu ni ugonjwa wa mkate wa nyuzi. Vimelea vyake ni bakteria wa jamii ya Bacillus, kwa kawaida Bacillus subtilis, wanaotoka shambani na kuja na unga. Mbegu zao zinahimili oveni, kwa sababu ganda la mkate linafika nyuzi 200 lakini katikati haipiti 100. Mkate ukiiva vizuri katikati inakuwa 94 hadi 98. Zikinusurika, zinasubiri joto na unyevu, na Dar inavyo vyote viwili bure. Chukua slesi ya katikati, ivunje taratibu na uvute vipande viachane. Ukiona nyuzi nyembamba zinazong'aa kama utando wa buibui, na nyama ya mkate imekuwa ya kunata yenye ukahawia, jibu unalo. Ganda la nje linaweza kuwa zuri kabisa.

Bekari inauleta ugonjwa huu kwa njia tatu: mkate kutolewa kabla haujaiva katikati, mkate wa jana kusagwa na kurudishwa kwenye kinyunya kipya, na mashine ya kukata kutosafishwa. Dawa yake ni kuongeza uchachu kidogo. Viwandani hutumia kalisiamu propionati, gramu mbili hadi tatu kwa kilo ya unga. Bekari ndogo inaweza kutia siki, kijiko kimoja kikubwa kwa kilo, na kufuta meza na visu kwa siki hiyo hiyo.

Kupukutika ni suala jingine. Ukiacha kinyunya kiumuke kupita kiasi, mkate unakuwa mkubwa na wa kuvutia, lakini kuta za vitundu vyake ni nyembamba mno. Unga wenye protini kidogo au uliokandwa haraka unaongeza balaa. Shika mikate miwili ya ukubwa sawa, mmoja kila mkono. Ule mwepesi kama pamba ndio utakaopukutika.

Halafu kuna pupa ya kufunga mkate wa moto. Katikati panatakiwa pashuke hadi nyuzi 30 au 35 kabla ya kukata, na kwa hali ya hewa ya pwani hiyo ni saa mbili na zaidi juu ya waya. Ukifungwa mapema, mvuke unageuka matone ndani ya mfuko. Kwa hiyo geuza mfuko, tazama pembe za chini. Ukiona umande, acha. Soma na lebo: jina la mtengenezaji, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Mkate uliofungwa bila tarehe sijui unanunuliwa kwa imani gani.

mlaji_wa_kona

Shukrani sana wakuu, na bi hamira shikamoo. Mawili ya mwisho. Mkate mzuri nikiuweka kwenye friji utadumu? Na nikikuta kosa nimeshalipa, naanzia wapi?

fundi_oveni

Friji inachelewesha ukungu lakini inaukakamaza mkate haraka kuliko meza. Kwenye nyuzi nne hivi, wanga uliolainika unajipanga upya na kukakamaa kwa kasi. Utakaoliwa ndani ya siku mbili, uache nje umefungwa. Unaozidi, gandisha kwenye friza ukiwa mpya wa siku ile ile, utoe slesi unazohitaji na kuzichoma.

Kuhusu malalamiko, usalama wa chakula uko TBS (Shirika la Viwango Tanzania) tangu 2019, ilipochukua kazi hiyo kutoka TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Uzito pungufu peleka Wakala wa Vipimo. Uchafu wa mgahawa ni wa afisa afya wa kata. Hifadhi mfuko wenye lebo na risiti, bila hivyo unaongea hewani.

karai_la_mkaa

Kwa chipsi usikubali "ngoja nikurudishie kidogo". Zilizokwisha kunywa mafuta hazitemi. Sema: "Nikaangie nyingine, nusu sahani kwanza, nasubiri." Dakika tatu zinatosha kama mkaa unawaka. Za kubeba, mwambie asifunike foili hadi mvuke utoke, na kachumbari iwe pembeni.

bi_hamira

Marahaba mwanangu. Na lile kabati la kioo lenye taa, wasikudanganye kwamba linahifadhi moto. Chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60. Taa ile mara nyingi inakifanya kuwa vuguvugu tu, na bakteria ndipo wanapopapenda. Sambusa ya nyama au paja la kuku lililokaa humo tangu asubuhi liguse: kama unaweza kulishika mkononi bila kubadilisha vidole, liache hapo hapo.

waru_za_kibanda

Na ile tomato sosi ya chupa ya kubonyeza, ibonyeze kwanza pembeni ya sahani. Maji yakitangulia kabla ya wekundu, imeongezwa maji.