Mrejesho: Programu ya stakabadhi iliyokuwa ikizimika ghafla

Nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza kuhusu programu yetu ya stakabadhi za mizigo, iliyoandikwa kwa lugha ya C++, hapa Kilindini, Mombasa, iliyokuwa ikizimika kila karani alipofunga dirisha la mteja. Valgrind, zana ya kusaka makosa ya matumizi ya kumbukumbu ya kompyuta, iliifanya programu iende polepole mno, lakini AddressSanitizer, zana nyingine ya kazi hiyo niliyoiwasha kwa kuikompaili upya programu na -fsanitize=address, ilitaja mstari wenyewe: dirisha liliifuta rekodi ya mteja kwa delete, ilhali orodha kuu iliendelea kuisoma kupitia pointa (anwani yake kwenye kumbukumbu) ya zamani. Aliyeshauri std::unique_ptr, pointa inayoruhusu mmiliki mmoja tu, alilenga hasa; sasa orodha ndiyo mmiliki pekee, na dirisha huazima tu. Kuzimika wakati wa kuchapisha bado kupo, kwani hitilafu imo ndani ya maktaba ya printa (msimbo wa wengine ambao programu yetu huutumia kuchapisha), tuliyopewa bila msimbo wake asilia. Kwa sasa nimeutenga uchapishaji katika mchakato wake wa pekee, ulio kando na programu kuu, ili ukianguka usiiangushe kazi ya karani.